Stima Ikizidi Siku ya Sabato

Jumatatu, 6 Januari

Gordon ameniambia nitafute daftari niandike, kwa sababu nikisema peke yangu jikoni anadhani ninamwita, naye kuinuka kitini siku hizi ni safari. Haya basi. Mimi ni Risper, mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Nimesahihisha insha za watoto wa watu mpaka macho yakaisha, sasa acha niandike yangu bila kalamu nyekundu ya mtu.

Tunakaa hapa senta, penye soko na maduka machache, mwendo mfupi tu kabla ya kufika Sori. Mume wangu ana mapafu yaliyoliwa na TB. Dawa alimaliza zamani, na daktari alimhakikishia kwamba amepona na hana cha kumwambukiza mtu. Lakini makovu yalibaki, na tangu Novemba pumzi haimtoshi. Binti yetu Cate, anayefanya kazi Homa Bay, alimletea mashine ya oksijeni. Inavuta hewa ya chumba, inaichuja, inampelekea puani kwa mpira mwembamba. Stima ikikatika, tuna mtungi mmoja wa chuma wa kutuvusha saa chache, basi.

Hapa senta hakuna anayejua. Gordon hataki kabisa. Watu wakisikia kifua wanasikia TB, na aliwahi kwenda matanga akaona kikombe chake kimewekwa kando peke yake. Kwa hiyo pazia la sebuleni halifunguliwi, na mtu akiuliza ile ngurumo ni ya nini, namwambia ni friji langu kuukuu.

Jumamosi, 11 Januari

Stima imekatika saa sita mchana, jua likiwaka mpaka mabati yanalia. Nimeduwaa. Paa za senta nzima zina sola, letu pia, jua ndilo hilo, halafu eti hakuna stima! Nimemuunganisha Gordon na mtungi. Imerudi alasiri. Ule mtungi umeshuka vibaya.

Jumapili, 12 Januari

Nikitoka misa nimempitia Chrispine, fundi wa ushirika wetu wa umeme. Nilimfundisha darasa la sita na mpaka leo akiniona anaficha sigara.

"Mwalimu, hakuna kitu imeharibika," akasema. "Stima ilikuwa mingi tu."

"Mingi ndiyo izime?"

"Ndiyo. Betri kubwa ya ushirika inajaa kabla ya saa sita. Ikishajaa, ile stima paa zinatoa lazima ipate mtu wa kuikula saa hiyo hiyo. Siku za kawaida kinu cha Orpah kinakula, mashine yake ya barafu inakula, mafundi wa kuchomelea wanakula. Sasa niambie, Jumamosi nani anakula?"

Hapo nikaelewa. Wenye mashine kubwa hapa karibu wote ni Wasabato. Ijumaa jua likizama wanafunga kila kitu, na Jumamosi wanashinda kanisani. Kinu kimelala, barafu imelala, lakini paa zao zinaendelea kumwaga stima kwenye mtandao wa nyaya za ushirika hadi mashine ya kibanda cha betri inajifunga yenyewe isiungue.

"Si mziambie hizo paa zipunguze?"

"Zile za kwanza za mradi zinasikia amri. Hizi zingine kila mtu alijinunulia Desemba mjini Suna, bei ya chini, hazisikii mtu. Yako pia haisikii, mwalimu."

Nikamuuliza kwa nini basi paneli zangu zisinipe mimi mwenyewe, ziko juu ya kichwa changu. Akasema zinafuata mtandao. Mtandao ukilala nazo zinalala, ili fundi akishika waya asiuawe na paa la mtu. Ina maana, lakini imeniudhi.

Jumatano, 15 Januari

Joto. Gordon amemaliza ugali wake wote.

Jumamosi, 18 Januari

Imezima tena. Mtungi tena. Jioni Sabato ilipoisha, kila mtu akawasha pasi, televisheni na kinu kwa mkupuo mmoja, betri ikazidiwa, stima ikazima mara ya pili. Yaani mchana tunakatiwa kwa shibe, jioni kwa njaa. Nimetukana kwa Kiswahili sanifu na kwa Dholuo.

Jumanne, 21 Januari

Leo ushirika umekutana chini ya hema la soko. Nilikuwa nimejipanga kuongea taratibu, nikashindwa.

Orpah alikaa mbele. Mama huyu alitoka Kisii miaka hiyo na gunia moja la ndizi, leo kinu ni chake na barafu ni yake. Kando yake alikuwa Mzee Ombati, mzee wa kanisa lao, mtu wa maneno machache na tai siku zote.

"Orpah," nikasema, "fungua kinu Jumamosi saa sita hadi saa tisa tu. Ajiri mtu ambaye si wa kanisa lenu."

"Mwalimu, imeandikwa wewe, na mtumishi wako, na mgeni aliye malangoni pako. Nikimtuma mtu afanye, nimefanya mimi."

"Kwa hiyo sisi tuzimiwe kila wiki?"

"Unaumia wapi hasa?" akaniuliza, na aliuliza vizuri, bila kejeli. "Sisi pia tunarudi tunapata imezima. Wewe unaumia wapi?"

Nilikuwa na jibu mdomoni. Nikalimeza. Nikasema, "Samaki wangu wanaharibika kwa friji."

Hema lote likacheka. Mtu wa nyuma akapaaza sauti, "Yawa, mwalimu, wakaushe!" Orpah naye akacheka, akaniambia kwamba kwa ajili ya samaki wawili watatu hawezi kuivunja Sabato ya Bwana. Mkutano ukaisha bila neno la maana.

Nimefika nyumbani nikamweleza Gordon. Amecheka mpaka akakohoa, na kukohoa kwenyewe hakukuwa kuchache.

Jumamosi, 25 Januari

Mawingu tangu asubuhi. Haikuzima. Sijawahi kuyapenda mawingu hivi.

Jumamosi, 1 Februari

Chrispine amejaribu kuzunguka nyumba hadi nyumba azime paa. Swichi zote ziko ndani, na nyumba zimefungwa kwa kufuli. Kwa Orpah mbwa wamemkimbiza mpaka kwa wauza omena, wale dagaa wa ziwani. Saa sita ikazima kama kawaida.

Kanisa lao si mbali. Nikiwa nageuza koki ya mtungi niliwasikia wakiimba kwa sauti nne, vizuri ajabu, na nikawachukia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Niliwachukia mmoja mmoja kwa majina yao.

Alhamisi, 6 Februari

Nimemwomba Gordon aniruhusu niseme, angalau kwa Orpah peke yake.

"Min Cate, nimekuwa mtu hapa senta," akasema, akiniita mama Cate kwa Dholuo. Anaongea vipande vipande siku hizi. "Usinifanye ugonjwa."

Nilimwambia ni kiburi. Akaniambia, ndiyo, ni kiburi, na ndicho alichobakiwa nacho.

Ijumaa, 7 Februari

Mtungi umeisha. Nimeufunika gunia nikautuma Suna ukajazwe, kwa pikapu ya mtu tunayemwamini. Aliahidi kurudi leo. Jioni amepiga simu: alipitia Awendo kupakia sukari, na gari limemfia huko katikati ya trela za miwa. Atakuja kesho.

Kesho ni Jumamosi. Nimeenda nje kuangalia anga. Hakuna hata wingu moja la kusingizia.

Jumamosi, 8 Februari

Imefika jioni, na lazima niandike.

Kabla ya saa sita mashine ilikata ngurumo, ikapiga mlio wake mrefu wa kulalamika, ikanyamaza. Nilimkalisha Gordon wima, nikafungua madirisha na lile pazia pia. Alikuwa anavuta hewa kwa mabega. Kitambo kidogo midomo ikaanza kubadilika rangi, ile rangi ambayo Cate aliniambia nikiiona nisikae.

Nikampigia Chrispine. Alikuwa kwenye kibanda cha betri.

"Nimeiwasha mara mbili, inakataa! Paa zinasukuma na hakuna mzigo. Nitafutie kitu ya kukula hii stima, mwalimu, ama uzimishe hizo paa."

"Paa za nani?"

"Za wale wako kanisani. Za nani tena?"

Nilimwambia Gordon nakuja sasa hivi. Akanishika nguo. Hakuweza kusema, lakini alitikisa kichwa, na nilijua anasema nini. Nikavitoa vidole vyake kwenye nguo yangu, kimoja kimoja. Tangu tuoane sijawahi kumfanyia kitu kama hicho.

Nilikimbia. Patipati moja ilikatika nikaiacha njiani. Nilipoingia kanisani Mzee Ombati alikuwa mimbarani, na shingo zote zikageuka kumtazama mwalimu Risper, Mkatoliki, mguu mmoja peku, leso imeanguka begani.

Orpah aliinuka kwenye safu ya kwaya. "Mwalimu! Hata hapa umetuletea friji?"

Wako waliocheka.

"Hakuna friji," nikasema. Sauti haikuwa yangu. "Friji nilidanganya. Ni Gordon. Anapumua kwa mashine ya stima, na paa zenu zimeizima stima, na mtungi wake wa hewa uko Awendo. Nimemwacha peke yake. Anakufa."

Nilingoja lile swali, kifua cha namna gani. Hakuna aliyeuliza. Mzee Ombati alifunga Biblia yake, akasema, "Wapendwa, kila mwenye paa aende akazime swichi. Sasa hivi. Mahubiri yatatungoja." Mama mmoja akauliza kwa sauti ndogo kama ni halali leo. Ombati akamjibu, "Angekuwa ng'ombe wako ametumbukia kisimani, ungekuwa umeshafika kisimani."

Basi kanisa likamwagika barabarani. Wanaume na tai zao, akina mama na magauni meupe ya kwaya, kila mtu anapekua funguo mkobani huku anakimbia. Orpah alivua viatu vyake vya kisigino akavishika mkononi, akakimbia nami bega kwa bega, akinifokea njia nzima.

"Mwezi mzima! Mwezi mzima unatuimbia samaki! Kwa nini hukusema ni pumzi?"

"Mngetutenga."

"Nani akutenge? Ulituuliza?"

Kweli, sikuwauliza. Alikata kona kwenda kwenye banda lake la barafu, mimi nikanyoosha nyumbani.

Gordon alikuwa ameteleza upande mmoja wa kiti. Nikamwinua, nikamwegemeza kifuani kwangu, nikaanza kuhesabu pumzi zake nikakosea hesabu, nikaanza tena. Halafu nikasikia mashine ya barafu ya Orpah ikiunguruma kule sokoni, ikila ile stima, siku ya Sabato, mchana kweupe, na hapo kwenye meza yetu mlio mfupi mara moja, na ile ngurumo ikarudi. Nilimsukumia mpira puani. Rangi ilirudi polepole sana. Nilikuwa nalia na sikujua kama nalia.

Orpah alipofika hakubisha hodi. Aliingia moja kwa moja, akaketi chini karibu na miguu ya Gordon, akaanza kumpepea kwa kitabu chake cha nyimbo. Alipepea mpaka jua likazama.

Jumapili, 9 Februari

Mtungi umefika. Gordon amekula, lakini hajanisemesha.

Jumatatu, 10 Februari

Hajanisemesha.

Jumanne, 11 Februari

Mzee Ombati amekuja jioni. Viti vilikuwa vingi, lakini alikwenda kuketi kochi moja na Gordon, magoti yakigusana, wakaongea habari za mbuzi, za shemeji yake Gordon aliyeuza shamba la Rongo, za mambo yote isipokuwa kifua. Gordon alikuwa mkavu mwanzoni. Baadaye nikamsikia akicheka.

Orpah alikuja nyuma yake, akiwa na lake kichwani.

"Sisi Ijumaa ni siku ya maandalio," akasema. "Tunapika chakula cha Sabato, tunachota maji, tunapiga nguo pasi, tunapaka viatu rangi. Sasa swichi ya paa ni kitu gani? Tutazima Ijumaa kabla jua halijazama, tuwashe Jumamosi jioni. Paa nazo zipumzike."

"Na ile stima mnauzia ushirika siku hiyo?" nikauliza.

"Mwalimu, kwani Jumamosi tulikuwa tunafanya biashara?" Akasema hivyo huku uso umemkunjamana, kana kwamba ndiyo kwanza wazo hilo limemjia. "Kumbe duka nilikuwa nimelifunga, lakini paa nimeliacha wazi."

Walipoondoka nilikaa jikoni nikifikiri. Muda huu wote niliwaona watu wa kichwa ngumu, wanaopenda siku kuliko binadamu. Lakini mimi nilikuwa nimewaomba kitu kimoja tu, wafanye kazi Sabato, kitu ambacho hawawezi. Kupumzika zaidi sikuwahi kuwaomba. Mtu wa kichwa ngumu pale hemani nilikuwa mimi, na Gordon alinizidi kidogo.

Wakati wa kulala akasema, "Min Cate, chai imeisha?" Haikuwa imeisha. Huo ndio msamaha wa Gordon, na nimeupokea na sukari mbili.

Ijumaa, 14 Februari

Mzee Ombati amepita na kipaza sauti chake cha mkono: "Wapendwa, maandalio! Chakula, maji, viatu, na swichi!" Watoto wanamfuata nyuma wakiitikia, "Na swichi!"

Jumamosi, 15 Februari

Saa sita ikaja ikapita. Haikuzima. Chrispine amepiga simu kunijulisha kana kwamba mimi siko kwenye stima hiyo hiyo.

Jioni wamekubaliana wasiwashe vitu vyote kwa pamoja. Taa kwanza, pasi baadaye. Kinu cha Orpah kinangoja mpaka Jumapili jua likiwa juu.

Jumamosi, 1 Machi

Haikuzima. Nimezoea kuandika hivi sasa, nitaacha.

Jumapili, 9 Machi

Cate amekuja kutoka Homa Bay. Amemkuta baba yake ameketi varandani, mpira puani, anabishana na wapita njia kuhusu mpira wa miguu. Cate amesimama langoni muda mrefu kabla ya kuingia.

Jumatatu, 17 Machi

Masika imeanza. Mvua mchana kutwa.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Paa zetu zote hizi na hakuna kitu zinachotoa.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Chrispine amekuja amelowa chepechepe, amesimama mlangoni hataki kuchafua sakafu.

"Mwalimu, betri iko chini. Kesho watu wakitumia vile wanatumia, haitafika asubuhi."

"Si ukate wengine utuachie sisi?"

"Laini yenu ndiyo laini ya soko. Nikikata, nimekata wote pamoja na mzee wako."

Mtungi umejaa, lakini haumalizi usiku. Nimemwambia awaambie watu wapunguze. Amesema atawaambia, lakini sikuona matumaini usoni mwake, na mimi nawajua watu na televisheni zao.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua imekatika jioni, mawingu yamebaki. Baada ya chakula nilitoka nje kutupa maji ya vyombo, nikakuta senta yote giza. Sokoni giza, kwa Orpah giza, kwa Mzee Ombati giza, mpaka kule kwa wauza omena. Beseni likaniponyoka. Nikakimbia ndani nikilia "Uwi!", mkono uko tayari kwa koki ya mtungi.

Mashine ilikuwa inanguruma. Gordon alikuwa ameketi vizuri, ananishangaa.

Nikarudi mlangoni nikatazama tena. Kwa Orpah niliona tochi ya simu ikipita dirishani, ikazimwa. Mtu alicheka mahali fulani, mwingine alikuwa anasimulia hadithi kwa sauti. Hapo ndipo nikaelewa kwamba stima iko kwa kila nyumba, na hakuna anayeitumia. Nyumba pekee iliyokuwa inawaka taa senta nzima ilikuwa yangu: sebule, jiko, varanda, hata balbu ya chooni, ambamo hamkuwa na mtu.

Nilizima zote moja baada ya nyingine, nikapapasa mpaka kwenye kiti changu.

"Leo wamelala mapema," Gordon akasema gizani.

"Hawajalala. Wamezima."

Mashine ikaendelea kumpulizia.

"Kwa ajili yangu?"

Nikamwambia ndiyo. Akaanza kulia, naye kulia kunamtoa pumzi, daktari alikataza. Nimemwacha alie.